Kusomea mimea si kusomea jembe

Ukiambia watu wa nyumbani unataka kusomea mambo ya mimea, swali la kwanza ni "sasa shamba si liko hapa, unaenda kusomea nini tena?" Juu watu wengi wakisikia mimea wanaona jembe, halafu wanaona mtu aliyekosa kozi nzuri.

Wanasema lazima uwe mtu wa kulima. Hebu pitia Njoro. Ukiacha Egerton, iliyoanza 1939 kama shule ya kilimo, huko Njoro kuna kituo cha KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, ambapo ngano kutoka nchi nyingi hupandwa makusudi ishikwe na ugonjwa wa kutu ya shina, ile kali iliyogunduliwa Uganda 1998 ikaitwa Ug99, ndio waone gani itasimama na gani italala. Mwenye anapita kwa mistari akiandika kila ploti imeshikwa kiasi gani anahitaji jicho na subira, na mwenye anapokea hizo namba anahitaji hesabu, jembe hata hagusi. Kwa hivyo kama hesabu ulikuwa moto na bayo ilikuwa hivyo hivyo, usijitoe.

Ati bila C plus ya KCSE umeisha. Hii ndio huniudhi. C plus ni ya digrii, diploma huitisha C minus na saatifiketi D plain, na chuo cha Bukura huko Kakamega wamefundisha kilimo miaka nenda miaka rudi. Halafu kuna kazi ambayo gredi haikusaidii kama mkono unatetemeka, mfano kugrafti parachichi, yaani kuunganisha kijiti cha aina moja na mche wa aina nyingine. Mche wa kienyeji ukifika unene wa penseli unakatwa juu, unapasuliwa katikati, kijiti cha Hass, ile aina ya parachichi ya sokoni, kinachongwa kama kabari kinaingizwa hapo, na ile kijani iliyo chini ya ganda ikutane na ya mwenzake angalau upande mmoja, kisha unafunga na ukanda wa nailoni, unakaza maji yasiingie. Kisu kikiwa butu umeharibu. Fundi ambaye miche yake mingi inashika hutafutwa na wenye nasari, yaani vitalu vya miche. Ila usidanganyike kwamba mkono tu unatosha, ukitaka kufungua nasari yako ya kuuza miche ya matunda kuna kusajiliwa na kukaguliwa.

Wengine wanaona mtu wa maneno mengi hana nafasi huku, sayansi ni ya wale wakimya wa maabara. Haya, chukua ile mbinu ya icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, huko Mbita: desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mistari ya mahindi, nyasi ya napia kuzunguka shamba. Desmodiamu inafukuza nondo wa kiwavi anayetoboa mabua na kuzuia kayongo, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, napia inawavuta hao nondo nje. Ni sayansi safi kabisa, lakini lazima mtu akae chini ya mti amweleze mama mwenye nusu ekari kwa nini apande nyasi mahali alikuwa anapanda chakula, na amweleze kwa Kiluo ama Kiluhya hadi akubali. Lugha ya nyumbani hakuna mtu huiandika kwa sivii kama ujuzi, na kwa kazi ya ekstenshen, ya kupelekea wakulima ujuzi, hiyo ni nusu ya kazi.

Botania, sayansi ya mimea yenyewe, nayo wanasema mwisho wake ni kuwa mwalimu. Wengine ndio, lakini kuna wanaofanya kazi kwa habariamu Nairobi, mahali mimea iliyokaushwa huhifadhiwa, kuna wakaguzi wa KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, wanaofungua maua kabla yasafirishwe wakitafuta viwavi, na pale msitu wa Kakamega kuna maguide wanaokutajia mti kwa kuangalia ganda tu.

Kuhusu pesa ya haraka sitasema mengi. Kila msimu kuna zao linapigiwa kelele, na kozi ya kufuata kelele huisha kelele ikiisha.

Kitu watu husahau kuuliza ni mwili. Maua ya pareto, ambayo Nakuru inalima sana, huwasha ngozi ya watu wengine, na vumbi ya kuvuna ngano si rafiki ya mwenye pumu. Kama kifua chako ni cha shida, omba kibarua ama atachimenti fupi mahali unalenga, ukae msimu wa mavuno, ndio ulipe karo.