Utafiti wa Maoni Hauamui Uchaguzi

Baadhi ya wakazi wa Mombasa huamini kwamba utafiti wa maoni ukishaonyesha mgombea fulani anaongoza, matokeo yamekwisha kujulikana na kwenda kituo cha kupigia kura hakubadilishi kitu. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa takwimu hizo hutangazwa kwa uhakika mkubwa.

Hata hivyo, sampuli ya watu 1,000 waliochaguliwa kwa nasibu huweza kukosea kwa takriban asilimia 3 juu au chini, na ikiwa waliohojiwa kutoka Mombasa ni wachache miongoni mwao, makadirio ya kaunti yenyewe huwa dhaifu zaidi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 inamtaka anayechapisha utafiti huo aeleze aliyeugharamia, idadi ya waliohojiwa na maswali yaliyoulizwa. Msomaji aanze na hayo kabla ya kutazama asilimia.

Jambo zito zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba aliyejibu maswali ya utafiti kwa simu si lazima afike kituoni. Mkazi wa Likoni aliyejiandikisha kisiwani huenda akalazimika kuvuka kwa feri, mfanyakazi wa zamu hutegemea ruhusa ya msimamizi wake, na anayetumia kiti cha magurudumu huweza kuzuiwa na ngazi za darasa lililogeuzwa kituo. Vizuizi hivi havimwelemei kila mtu sawa, na ni vigumu kwa utafiti kuvipima. Ndiyo maana inafaa kuhakiki mapema jina na kituo chako katika daftari la wapiga kura, na kukumbuka kwamba aliye kwenye foleni vituo vinapofungwa, saa kumi na moja jioni, bado ana haki ya kupiga kura.