Krome iungue, uso ubaki: kupiga picha za wapenda pikipiki Lubumbashi

Jumapili ya kwanza niliyoitwa kupiga picha za klabu ya wapenda pikipiki hapa Lubumbashi, nilirudi nyumbani na furaha tele. Krome ziling'aa, matangi yalionekana hadi mikwaruzo. Siku tatu baadaye nikampelekea papa mmoja, mzee mwenye pikipiki ya Harley, picha yake. Aliitazama kwa muda mrefu, akailaza juu ya meza, akaniuliza kwa upole: "Mutoto, moto inaonekana. Miye niko wapi?"

Huku kwetu pikipiki ni moto, na mtu haelewi vibaya. Papa alikuwa kwenye picha, amesimama pembeni ya mashine yake. Ila chini ya ukingo wa kaske, yaani kofia ya pikipiki, uso wake ulikuwa doa jeusi. Niliona aibu sana, na kila ninachofanya sasa kwenye mikusanyiko hii kimetokana na swali lile.

Kosa linaanzia kwenye upimaji wa mwanga. Kamera ikiachiwa iamue, inakusanya mwanga wa fremu nzima na kutafuta wastani wa kijivu. Krome iliyopigwa na jua inaleta jua lenyewe ndani ya lenzi, basi kamera inabana mwanga, na uso mweusi uliokaa kivulini mwa kaske unazama. Jaketi la ngozi nyeusi likijaza fremu, mambo yanageuka: kamera inadhani ni giza, inaongeza mwanga, na jaketi linatoka na rangi ya majivu. Mimi napima kwa nukta moja, kwenye shavu, mahali ambapo ngozi haina mng'ao wa jasho. Kisha napunguza stopu moja hivi, yaani nusu ya mwanga, kwa sababu kamera itataka kuifanya ngozi ya papa iwe ya kijivu cha kati, na ngozi yake si ya kijivu cha kati. Hapo uso unakaa na rangi yake. Vipande vya krome vitaungua vyeupe kabisa. Viache viungue. Hakuna mtu aliyewahi kunirudishia picha kwa sababu ya krome.

Wengi wanashauriana kununua filta ya polaraiza ili kuua mng'ao. Inasaidia kwenye rangi ya tangi, kwenye kioo cha mbele na kwenye kioo cha kaske. Kwenye chuma kitupu haifanyi kitu, kwa kuwa mwanga unaorudi kutoka kwenye metali haujapangwa upande mmoja jinsi filta inavyohitaji. Kwa krome, dawa ni miguu yako: sogea hatua mbili, inama, hadi bomba la moshi liakisi anga badala ya wewe na kamera yako.

Jua la Lubumbashi nalo lina tabia zake. Tuko karibu digrii 12 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, katika Februari na Oktoba, jua la mchana linasimama wima juu ya utosi. Siku hizo kaske inageuka kuwa paa na macho yanapotea. Mwezi wa Juni jua la mchana halipiti digrii 55 hivi, linaingia chini ya ukingo, na vumbi la kiangazi linalainisha mwanga jioni. Lakini linazama kabla ya saa kumi na mbili, na upesi. Ukiwa bado unabadilisha lenzi, umechelewa. Vumbi lenyewe ni sababu nyingine ya kutobadilisha lenzi nje: ninabeba moja ya milimita 50 na siifungui hadi nyumbani.

Halafu kuna udongo wetu mwekundu. Huo ni kioo. Mwanga unaugonga na kupanda hadi chini ya kidevu ukiwa umebeba wekundu wake, na mtu anaonekana kama amesimama karibu na jiko la makaa. Ukiachia kamera ijipangie rangi, itapigana na ule wekundu na kumfanya awe wa kijani kijani. Pima rangi kwa karatasi nyeupe iliyowekwa usawa wa uso wake. Wekundu kidogo uliobaki usiuondoe, ndiyo Katanga hiyo.

Kila mtu anataka bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na ule mlima wa mabaki ya shaba nyuma yake. Naelewa, ni alama ya mji. Lakini mlima ule ni mweusi na jaketi ni jeusi, mabega yanapotelea humo, na bomba linaota kichwani mwa mtu. Ninawapeleka mbele ya ukuta uliofifia, au kwenye barabara ya Kipushi ambapo anga liko wazi.

Upande wa kusimama hutegemea mashine. Harley kubwa uso wake uko kulia, ndiko ziliko mabomba na kichujio cha hewa, na silinda zake mbili zimefungua V ya digrii 45. BMW ya boxer silinda zake zinatokeza pande mbili, basi isimamie mbele. Stendi ya pembeni huinamisha pikipiki kushoto. Kabla sijapiga, namwomba mwenyewe aipande, ainyooshe, apandishe kioo cha kaske. Mikono usiisahau. Papa yule ana desturi ya kuvua glavu ya kulia kwa meno, kisha anaweka kiganja juu ya tangi kama mtu anayempima mtoto homa. Nilisubiri karibu saa nzima ili airudie.

Wakianza kuondoka, watu hukimbilia shata ya 1/1000 ya sekunde. Piga hesabu: kwa kilomita 40 kwa saa, gurudumu linazunguka mara tano na zaidi kila sekunde. Kwa 1/1000 linageuka digrii mbili tu, na pikipiki inaonekana imeegeshwa. Kwa 1/60 linageuka digrii 30 na kitu, spoku zinayeyuka. Mfuate kwa kiuno, si kwa mikono, na nukta ya fokasi ikae usoni, kamwe si kwenye taa.

Usiku, flashi iliyo juu ya kamera ni hatari kwa majaketi yenye mikanda ya kuakisi. Mikanda hiyo hurudisha mwanga kulekule ulikotoka, kwa hiyo inalipuka nyeupe na uso unafifia. Toa flashi kwenye kamera, mpe msaidizi aishike mita moja na nusu pembeni. Mikanda inatulia papo hapo.

Kwa picha za karatasi, ongeza mwanga kidogo kabla ya kutuma kuchapwa, maana karatasi haina taa nyuma yake. Mwaka uliofuata nilimpelekea papa picha tano hivyo. Nne zilikuwa na Harley nzima. Alichagua ya tano, ile ya glavu menoni, ambayo gurudumu la nyuma limekatwa, akaomba nakala mbili.