Mkunjo uliokosewa hauui karatasi

Hapa Kampala, wengi ninaowafundisha kukunja maua ya karatasi huja na imani moja: ukikosea mkunjo, karatasi imekufa, itupe uchukue nyingine. Si kweli, na imani hiyo ndiyo inayowachelewesha.

Neno origami ni la Kijapani: oru ni kukunja, kami ni karatasi. Katika kazi hiyo, kukunja kisha kukunjua ni hatua halali kabisa. Mistari mingi ya mwanzo hukunjuliwa papo hapo. Kazi yake ni kuuongoza mkono baadaye. Alama haifutiki, kwa kuwa nyuzi za karatasi zimeshapinda, lakini mkunjo wa kwenda mbele unaweza kugeuzwa uende nyuma.

Chukua ua la kusudama, yaani ua la vipande vya karatasi vilivyokunjwa kisha kuunganishwa, lenye petali 5, kila petali kutoka karatasi moja ya mraba. Juzi mama mmoja, fundi wa shanga za karatasi, alilinganisha pembe vibaya, kwa upana wa uzi tu. Petali ya kwanza ilipendeza. Ya tano ilipokutana nayo, pakabaki mwanya. Hakutupa kitu. Alizikunjua zote mezani, akaona kosa lile lile kwenye pembe ile ile ya kulia, akapitisha ukucha kuchora mstari mpya kando ya ule wa zamani. Nilifurahi mno! Nisingeweza kumwonyesha hilo kwa maneno.

Ni kweli kwamba karatasi ikikunjwa mara nyingi mahali pamoja hulegea, hatimaye huchanika. Kwa hiyo anzia na kurasa za daftari kuukuu, zile za rangi ziweke kando kwanza.