Emfisema: hewa imejaa kifuani, pumzi haitoshi

Mtu mwenye emfisema, ugonjwa wa mapafu unaovunja vifuko vya hewa, akibanwa, hukimbilia kuvuta hewa kwa nguvu, tena na tena, kana kwamba kifua ni kitupu. Kumbe kimejaa. Kimejaa hewa iliyokwisha kutumika ambayo imeshindwa kutoka, na kila pumzi mpya inarundikwa juu yake. Ukilishika hilo, utaelewa kwa nini dawa hutolewa jinsi zinavyotolewa na kwa nini mgonjwa hufundishwa upya hata namna ya kupanda ngazi.

Mapafu ya mtu mzima yana vifuko vya hewa vinavyokadiriwa kuwa milioni 300 hadi 500. Kuta zake ni nyembamba mno, zina nyuzi zinazonyumbuka na mishipa midogo ya damu. Hupitisha oksijeni kwenda kwenye damu, kisha hujikunja zenyewe na kusukuma hewa nje bila mtu kutumia nguvu. Moshi ukivutwa kwa miaka mingi, chembe nyeupe za damu hukusanyika mapafuni na kumwaga vimeng'enya vinavyokula nyuzi hizo. Ukuta ukivunjika, vifuko viwili huwa kimoja kikubwa kilicholegea. Puto ukiliachia hutoa hewa lenyewe. Mfuko wa nailoni hautoi mpaka uukamue.

Na kukamua kuna balaa lake. Njia ndogo za hewa zilikuwa zikishikiliwa wazi na kuta hizo hizo, kwa hiyo mgonjwa akisukuma pumzi kwa nguvu, njia hujifunga kabla hewa haijaisha kutoka. Akihema haraka, muda wa kutoa pumzi unakuwa mfupi zaidi na hewa iliyonaswa inaongezeka. Kiwambo, msuli mkuu wa kupumulia, hulala bapa badala ya kubaki na umbo la kuba, na kikiwa bapa hakina tena nafasi ya kuvuta. Ndiyo sababu mtu anaweza kuwa sawa akiwa ameketi, kisha akaishiwa pumzi kwa kutembea hatua chache tu.

Hospitalini emfisema huwekwa pamoja na mkamba sugu (uvimbe wa muda mrefu wa njia za hewa) chini ya herufi COPD, yaani ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, na wengi wana vyote viwili. Sigara ndiyo chanzo kikuu. Wapo pia walioumizwa na moshi wa kuni au mkaa katika jiko lisilo na pa kutolea moshi, au na vumbi na mivuke ya kazini. Wachache wamezaliwa na upungufu wa alfa-1 antitripsini, protini inayolinda mapafu dhidi ya vile vimeng'enya. Kila mgonjwa wa COPD anastahili kupimwa damu kwa ajili yake angalau mara moja, hasa aliyeugua akiwa na umri mdogo.

Ugonjwa huthibitishwa kwa spirometa, kifaa cha kupuliza kinachopima hewa inayotoka, si kwa kusikiliza kifua peke yake, wala kwa picha ya eksirei, ambayo mwanzoni inaweza kuonekana safi. Mgonjwa huvuta dawa ya kutanua njia za hewa, husubiri kama dakika 15, kisha hupuliza kwa nguvu zake zote mpaka hewa iishe. Ikiwa hewa iliyotoka katika sekunde ya kwanza haifikii asilimia 70 ya hewa yote aliyotoa, njia zake zimebanwa. Mtu anayetibiwa pumu kwa miaka bila nafuu, na hajawahi kupuliza spirometa, aombe kipimo hicho.

Kuta zilizovunjika hazioti tena. Lakini kuacha sigara hupunguza kasi ya mapafu kuzorota, katika umri wowote, na hakuna dawa ya kuvuta iliyofikia hapo. Dawa za kutanua njia za hewa hufanya kazi nyingine: hupunguza hewa inayonaswa. Salbutamoli ni ya kuokoa mtu akibanwa, nayo hudumu saa 4 hadi 6. Formoteroli hudumu saa 12 na tiotropiamu saa 24; hizi huvutwa kila siku, hata siku ambayo kifua ni chepesi. Steroidi ya kuvuta, dawa ya kutuliza uvimbe, huongezwa kwa wanaozidiwa mara kwa mara. Haifai kwa kila mtu kwa sababu huongeza hatari ya nimonia, na anayeitumia asukutue mdomo na kutema kila baada ya kuvuta, ili asiote utando mweupe wa fangasi.

Dawa nyingi hupotea mdomoni kwa kuvutwa vibaya. Inhela (kifaa cha kuvutia dawa) ya kupuliza itikise, toa pumzi polepole mpaka mwisho, bana midomo kwenye bomba, anza kuvuta taratibu ndipo ubonyeze, endelea kuvuta kwa sekunde 4 au 5, kisha zuia pumzi hadi sekunde 10. Subiri nusu dakika kabla ya mpulizo wa pili. Ukibonyeza kabla ya kuanza kuvuta, au ukivuta kwa kasi, dawa hugonga koo na kuishia hapo. Chemba ya kuvutia dawa, spesa, huondoa tatizo hilo la muda, na sisi tungependa kila mgonjwa wa inhela hii awe nayo. Inhela ya unga ni kinyume: huvutwa haraka na kwa nguvu, na usipulize ndani yake kamwe, maana unyevu wa pumzi hugandisha unga.

Pumzi ikikata, vuta kwa pua ukihesabu hadi mbili, kunja midomo kama wa kupiga mluzi, toa ukihesabu hadi nne. Midomo iliyokunjwa hubakiza shinikizo ndani, na njia ndogo hazijifungi mapema. Kwenye ngazi, vuta ukiwa umesimama, panda huku ukitoa. Kuinama mbele na kuegemeza mikono mezani husaidia kiwambo kurudisha kuba lake.

Mazoezi yanayosimamiwa, kwa kawaida mara mbili au tatu kwa wiki kwa wiki 6 hadi 8, huimarisha misuli ya miguu ili ihitaji hewa kidogo kwa kazi ile ile. Chakula kiwe kidogo kidogo, mara nyingi. Tumbo lililoshiba hubana kiwambo. Anayekonda bila kukusudia amweleze daktari mapema. Kwa wachache waliochaguliwa kwa uangalifu, sehemu ya pafu iliyoharibika zaidi hukatwa au huwekewa vali ndogo ili isichukue nafasi ya sehemu zilizo nzima.

Oksijeni ya nyumbani ni ya mtu ambaye kipimo chake cha oksijeni katika damu akiwa ametulia ni asilimia 88 au chini, na hali hiyo imethibitishwa tena baadaye. Itumike angalau saa 15 kwa siku, mbali na moto na sigara. Mwenye asilimia 94 anayehema bado hahemi kwa kukosa oksijeni. Amenaswa hewa, na mtungi hautamfungulia. Na oksijeni nyingi mno inaweza kudhuru: kwa wengine kaboni dioksidi hurundikana, wakaamka na kichwa kinachouma na usingizi usioisha. Ndiyo maana wakati wa kuzidiwa wengi hulengwa asilimia 88 hadi 92.

Chanjo ya mafua kila mwaka na ya nimokoka, bakteria wa nimonia, hupunguza vipindi vya kuzidiwa. Makohozi yakiongezeka na kugeuka rangi, na pumzi ikawa nzito kuliko kawaida, onana na daktari siku hiyo hiyo. Mara nyingi huandika prednisoloni, steroidi ya kumeza, miligramu 40 kwa siku tano, na antibiotiki makohozi yakiwa na usaha. Midomo ikiwa ya bluu, mgonjwa akichanganyikiwa, akashindwa kumaliza sentensi, au akapata ghafla maumivu makali upande mmoja wa kifua pamoja na kubanwa, apelekwe hospitali mara moja. Hayo ya ghafla yanaweza kuwa pafu lililopasuka.