Yai lililozama kwenye ndoo mbili

Nimefundisha fizikia hapa Pwani miaka 20 na ushei, na siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa dawati la nyuma nikiwatazama walimu wenzangu. Nina daftari na kalamu, na kazi moja ambayo haimo kwenye fomu yoyote ya tathmini: kunyamaza. Muhula uliopita, katika shule moja ya kisiwani Lamu, niliwatazama walimu wawili wakifundisha mada ileile, kuelea na kuzama, kwa mikondo miwili ya kidato cha nne, wiki hiyohiyo. Niliingia nikiwa nimeshajua nani atanifurahisha. Nilikosea.

Majina yao nayaacha. Wanafunzi wenyewe wameshawapa majina. Mmoja ni Mwalimu Ndoo, dada wa miaka thelathini hivi, ambaye hapiti uwanjani bila kubeba chombo: leo beseni, kesho mpira wa baiskeli, keshokutwa kamba na mawe. Kwa Kiamu, Kiswahili cha hapa Lamu, “ndoo” ni “njoo” pia, na kwa kweli jina limemkaa, maana ndiye mwalimu wa kuita watu waje waone. Wa pili ni Maalim Chaki, mtu wa makamo, sauti ya chini. Maabara aliwaachia wenyewe zamani. Hubeba vipande viwili vya chaki mfukoni, na kitabu hakifungui.

Sisi wa rika langu tulilelewa na SMASSE, mradi wa kuimarisha hisabati na sayansi ulioanza 1998 kwa ushirikiano na Wajapani wa shirika la JICA na kuenezwa Kenya nzima kuanzia 2003. Wimbo wetu ulikuwa mmoja: shughuli, mwanafunzi, majaribio, kujitengenezea vifaa pale visipokuwepo. Mwalimu atoke ubaoni. Sasa mtaala wa umilisi umekuja na maneno yanayofanana na hayo, kwa hiyo ukiniuliza mlangoni, ningekwambia Mwalimu Ndoo ndiye wa leo na Maalim Chaki ni wa jana.

Nikaanza na Mwalimu Ndoo. Meza ya mbele ilikuwa na ndoo mbili nyeupe, moja ya maji ya bahari yaliyotekwa asubuhi hiyo, nyingine ya maji ya mvua kutoka tangini. Katikati, kwenye kisahani, yai. Darasa lilikuwa limeshavutika kabla hajasema neno. Akaeleza kwamba maji ya bahari yana densiti, yaani uzito kwa kila kipimo cha ujazo, kubwa kuliko maji tamu kwa sababu ya chumvi, kwa hivyo yai litazama kwenye maji ya mvua na litaelea kwenye maji ya bahari. Akalitia kwenye maji ya mvua. Likazama. Akalitoa, akalitia kwenye ndoo ya bahari.

Likazama.

Hapo mimi nilisogea mbele kwenye kiti. Yai jipya lina densiti ya karibu gramu 1.07 kwa kila sentimita ya ujazo, wakati maji ya bahari yana kama 1.025 tu. Ili lielee lazima uongeze chumvi ya kutosha, na vitabu vingi vinavyosema “maji ya chumvi” havisemi kwamba bahari yenyewe haitoshi. Kosa la mwalimu lilikuwa dogo: hakulijaribu kabla. Ana vipindi vingi, fundi wa maabara ni mmoja kwa shule nzima, na mimi mwenyewe nimeshaaibika mbele ya darasa kwa kosa dogo kuliko hilo.

Lakini tazama kilichofuata. Akasema kwa haraka, “Yai hili labda bovu,” akachukua chumvi, akaanza kuitia kijiko baada ya kijiko huku akikoroga. Mvulana mmoja wa safu ya tatu akasema, si kwa ukorofi: “Madam, yai bovu ndilo linaloelea.” Kila nyumba hapa wanajua. Mama halipasui yai kabla ya kulitia kwenye bakuli la maji, na likipanda yuu halili mtu. Mwalimu akajibu bila kuinua kichwa: “Haya, hiyo ya jikoni baadaye.” Yai likapanda, darasa likapiga makofi, wakaandika hitimisho lililokuwa limeshaandikwa ubaoni tangu mwanzo.

Kwenye daftari langu niliandika neno moja: bovu. Kwa nini yai bovu huelea? Ganda lina vitundu, maji ya ndani hutoka kama mvuke siku baada ya siku, gesi nazo hutoka, uwazi wa hewa ndani hukua. Ujazo haubadiliki, uzito unapungua, densiti inashuka. Mada yote ya siku ile ilikuwa ndani ya sentensi ya mtoto yule, naye aliambiwa asubiri.

Siku mbili baadaye nikaenda kwa Maalim Chaki. Hakuna ndoo, hakuna yai. Alichora jahazi ubaoni, na alilichora kama mtu aliyewahi kulikalafati: omo, tezi, mlingoti ulioinama mbele kidogo. Akachora mstari wa maji. Akasema jahazi hili limepakia mawe, pamoja na mzigo ni tani 20 na nusu, limetoka Lamu, linaingia mdomo wa Mto Tana pale Kipini, na tuseme huko ndani maji ni tamu kabisa. Mstari wa maji utapanda ubavuni, utashuka, au utabaki palepale? Na nguvu ya maji ya kulisukuma juu, itaongezeka, itapungua, au itabaki ileile?

Akawaambia waandike jibu kwanza. Kisha akahesabu mikono. Swali la kwanza karibu wote walipata: jahazi litazama zaidi kidogo, mstari utapanda. La pili, mikono mingi ilisema nguvu imepungua. Akamwinua mmoja, mtoto wa nahodha nadhani kwa jinsi alivyosema: “Maji tamu ni mepesi, Maalim. Ndiyo maana linazama. Kwa hivyo nguvu imepungua.”

Maalim hakusema ni kosa. Hakusema vizuri pia. Aliegemea ukuta, akafuta chaki kwenye kanzu. Kimya kikawa kirefu hadi mimi huku nyuma nikaanza kujisikia vibaya. Kisha, polepole: “Haya. Imepungua. Uzito wa jahazi je, umepungua?” Hapana. “Basi sehemu iliyobaki ya uzito, nani anaibeba?”

Kimya tena. Halafu yule kijana akacheka peke yake, ile cheko ya mtu aliyejishika, akasema: “Hakuna. Lingekwenda chini mpaka mtangani.”

Hilo ndilo kosa kubwa la mada hii, na nimelikuta kwa wanafunzi wa vyuo. Mtu anaamini kuzama zaidi maana yake ni kusukumwa juu kwa nguvu iliyopungua. Kumbe maadamu chombo kinaelea na kimetulia, msukumo wa maji ni sawa na uzito wake, bahari hata mto. Kinachobadilika ni kiasi cha maji kinachosukumwa kando. Baharini, penye kilo 1025 kwa kila mita ya ujazo, jahazi la kilo 20,500 linahitaji kusukuma mita 20 za ujazo. Mtoni, penye kilo 1000, linahitaji 20 na nusu. Maalim akawauliza nusu hiyo ikienea chini ya jahazi lenye eneo la mita 40 za mraba kwenye usawa wa maji ni kina gani. Wakapiga hesabu: sentimita moja na robo. Upana wa kidole. Darasa lilikuwa limetegemea mita.

Akamalizia kwa duara lenye mstari ndani yake, ile alama iliyo ubavuni mwa meli kubwa zinazotia nanga Bandari ya Lamu tangu gati la kwanza lilipofunguliwa Mei 2021. Ni alama ya Samuel Plimsoll, mbunge wa Uingereza aliyepigania meli zisipakiwe kupita kiasi hadi sheria ikapita 1876. Kando ya duara siku hizi kuna ngazi ya mistari, na mstari wa maji tamu uko juu ya ule wa bahari. Akaondoka bila kueleza kwa nini. Kengele ilikuwa imelia, lakini nusu ya darasa ilibaki ubaoni ikibishana.

Kuna mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, ambaye katika miaka ya 1970 alisikiliza kanda nyingi za vipindi vya sayansi akipima ukimya. Aligundua kwamba walimu wengi wakishauliza swali hungoja kama sekunde moja tu kabla ya kuongea tena. Walipofundishwa kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu yakawa marefu, wasiojibu kabisa wakapungua, na wanafunzi waliodhaniwa wazito wakaanza kusema. Wengi wanaoitaja kazi yake husahau kwamba alipima vituo viwili: kimya baada ya swali la mwalimu, na kimya baada ya jibu la mwanafunzi. Mimi naona cha pili ndicho kigumu. Swali ni letu, tunaweza kulingoja. Jibu la mtoto huja kutoka pembeni, halimo kwenye mpango wa somo, na ulimi wetu hukimbilia kulifunga.

Kwa hiyo ubao au ndoo si hoja. Mwanafunzi wa Mwalimu Ndoo alikuwa na yai mkononi na akili kapumzika. Wa Maalim Chaki hakugusa chochote, na akili ilikuwa inatoka jasho.

Lakini nisimpambe Maalim kupita alivyo. Wiki iliyofuata niliomba mkondo wake wapime uzito wa jiwe hewani na ndani ya maji kwa mizani ya springi. Ilikuwa aibu. Walisoma mizani kutoka juu, kutoka chini, kutoka popote isipokuwa usawa wa jicho. Mmoja aliacha jiwe limegusa kitako cha chombo na kuandika namba hivyohivyo. Karatasi ya tatu ya fizikia kwenye KCSE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne, ni ya vitendo na ina alama 40, na huko hakuna jahazi la chaki. Jambo jingine lilinikera zaidi. Jahazi lake lilikuwa swali la wana wa bahari. Wasichana waliokaa nyuma hawakuinuliwa hata mmoja, na yeye hakuona. Kwa Mwalimu Ndoo wasichana ndio walioshika mizani, na waliisoma sawasawa.

Kuhusu lugha, wote wawili walinipendeza. Mtihani ni Kiingereza, na ubaoni waliandika Kiingereza. Lakini pale fikra ilipokwama, Maalim alihamia Kiamu bila kuomba radhi, kisha akarudi na neno la kitabu likiwa limeshapata pa kukaa. Wakubwa fulani hawapendi. Shauri yao.

Nikawaalika wote wawili kahawa jioni, barazani. Kumkosoa mwalimu ni kama kumwambia mtu mtoto wake ana masikio makubwa, kwa hiyo nilianza na aibu zangu. Kisha nikamuuliza Mwalimu Ndoo kama analikumbuka neno la yule mvulana. Hakulikumbuka. Nilipomrudishia, alishika kichwa. Maalim ndiye aliyesema: “Yai bado unalo?” Hakuwa nalo, lakini mengine yako dukani.

Wakaunganisha mikondo miwili kwa kipindi kimoja. Yai jipya likapimwa: gramu 59. Likatumbukizwa kwenye kopo lenye mdomo wa kumwagia, maji yaliyomwagika yakawa sentimita 55 za ujazo. Maalim akashika chaki: likipungua hadi gramu 56.4 hivi litaelea baharini, na likifika 55 litaelea hata kwenye maji ya mvua. Katikati ya namba hizo mbili, kama hesabu si uongo, kuna siku chache ambazo yai lilelile litaelea kwenye ndoo moja na kuzama kwenye nyingine. Ndilo jaribio ambalo Mwalimu Ndoo alilitaka tangu mwanzo, ila lilihitaji subira badala ya chumvi.

Likawekwa dirishani kwenye maabara. Kila Jumatatu na Alhamisi wasichana wawili walilipima na kuandika ukutani. Wiki ya kwanza lililala ubavu chini ya maji. Ya pili likaanza kusimama kwa ncha. Alhamisi moja ya wiki ya tatu nilikuwepo. Gramu 56.1. Kwenye ndoo ya mvua likashuka taratibu, likasimama kitakoni. Kwenye ndoo ya bahari likatoa upara mdogo juu ya maji, kama ukubwa wa sarafu.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu Ndoo akauliza kwa nini, kisha akafunga mdomo na kushika meza kwa mikono miwili. Niliona anavyoteseka. Nikahesabu moyoni hadi sita. Msichana mmoja wa mkondo wa Maalim, wa dawati la nyuma, akasema kwa sauti ndogo: “Limekuwa jepesi kuliko maji haya, lakini si kuliko yale.”

Jumatatu yake fundi wa maabara alisafisha dirisha na kulitupa yai, akidhani limesahauliwa. Kwa hivyo gramu 55 hatukuifikia. Wanafunzi wameshaleta jingine. Lina gramu 61.