Fedha za Mabasi Zinapotumika Kuziba Nakisi ya Bajeti

Serikali inapopungukiwa, mfuko wa usafiri wa umma huwa miongoni mwa ya kwanza kuguswa, kwa kuwa huingiziwa fedha mfululizo kutoka kodi ya mafuta au ya mauzo, na pengo linaloachwa humo halionekani siku hiyo hiyo. Basi ambalo vipuri vyake havikununuliwa huendelea kubeba abiria kwa miezi kadhaa kabla ya kuegeshwa karakanani. Hapo ndipo ratiba hupunguzwa: basi lililokuwa likipita kila baada ya dakika 15 hupita kila baada ya dakika 30, na abiria anayeunganisha mabasi mawili huupata usumbufu huo mara mbili, kwenda na kurudi.

Ni mara chache fedha hizo huchukuliwa waziwazi. Njia inayotumika zaidi, na ambayo kwa maoni yangu ndiyo ya hatari zaidi, ni kupanua maana ya maneno "usafiri wa umma" hadi yabebe gharama ambazo awali zililipwa na Mfuko Mkuu wa Serikali, yaani mfuko wa matumizi ya jumla.

Jimbo la California, nchini Marekani, ni mfano mzuri. Sheria zake ziliweka utaratibu kwamba mapato ya kodi ya mauzo ya petroli yakiongezeka kupita kiwango fulani, ziada iende kwenye mfuko wa usafiri wa umma. Utaratibu huo ulikuwa na busara kubwa, maana petroli inapopanda bei ndipo watu wengi huacha magari yao nyumbani na kupanda basi. Nakisi ilipozidi, hata hivyo, jimbo lilianza kuitumia ziada hiyo kulipia mabasi ya shule, usafiri wa watu wenye ulemavu wa ukuaji na madeni ya hatifungani, yaani hati ambazo serikali huuza ili kukopa fedha. Hizo ni gharama halali, na baadhi yake ni za lazima, lakini kuzilipa kwa fungu hilo kulimwondolea abiria wa kawaida huduma aliyokwisha kuilipia kodi. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba uhamisho huo ulikiuka sheria zilizopitishwa na wapiga kura wenyewe, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikakataa kuisikiliza rufaa ya serikali. Mwaka huo huo, bunge la jimbo lilikuwa limesimamisha ruzuku ya kuendeshea mabasi na treni za mijini. Novemba 2010, zaidi ya asilimia 60 ya wapiga kura waliunga mkono Pendekezo la 22, hoja iliyopigiwa kura na wananchi, lililoweka ndani ya katiba marufuku ya kuchukua fedha hizo, hata kwa mkopo.

Kukopa nako kuangaliwe kwa makini. Mkopo usio na tarehe ya kurejeshwa wala riba hauna tofauti na kuchukua moja kwa moja, kwa sababu mishahara ya madereva na mafuta hulipwa sasa.

Mwananchi anayetaka kujua hali ya mfuko wake asiishie kwenye jumla iliyotengwa. Achukue vitabu vya bajeti vya miaka miwili, aviweke pamoja, kisha afuatilie gharama moja moja. Gharama iliyolipwa mwaka jana na Mfuko Mkuu ikionekana mwaka huu chini ya mfuko wa usafiri, fedha zimekwisha kuhamishwa, hata kama neno "uhamisho" halimo popote kitabuni.