Epoksi ya sakafu: maana yake, na gereji inayoifaa

Epoksi ya sakafu ni kinga inayouzwa katika makopo mawili: moja la resini (utomvu mzito ambao ndio kinga yenyewe), jingine la hadina (dawa ya kuigandisha). Kila kopo likikaa peke yake hakuna kinachotokea. Yakichanganywa kwa kipimo alichoandika mtengenezaji, vitu hivyo viwili huungana kikemia mpaka vikawa plastiki ngumu isiyoyeyuka tena. Hapo ndipo epoksi inapoachana na rangi ya mafuta ya kawaida, ambayo hukauka thina yake inaporuka na mafuta yake yanapokutana na hewa. Kwa hiyo fundi anayepunguza hadina ili nyingine ibaki ya kazi ya kesho anaharibu sakafu nzima. Resini iliyokosa hadina ya kutosha hubaki laini na yenye kunata, hata ikisubiriwa mwezi.

Sakafu ya gereji inahitaji kinga kwa sababu zege lina vinyweleo. Oili ikimwagika huzama humo na haitoki kwa ufagio wala sabuni. Asidi ya betri huila saruji yenyewe. Mafuta ya breki hulainisha rangi nyingi mpaka zibanduke. Niru inapendeza nyumbani, lakini chini ya jeki ule utando mwembamba wa saruji hupasuka, na kila siku sakafu hutoa vumbi linaloingia kwenye injini iliyofunguliwa.

Madukani neno epoksi limebandikwa kwenye bidhaa zisizofanana, na mnunuzi anatazama rangi na bei. Mimi ningetazama unene kwanza. Lita moja ya epoksi isiyo na thina wala maji, ikitandazwa kwenye mita 5 za mraba, huacha tabaka la maikroni 200, yaani sehemu ya tano ya milimita. Ikiwa nusu ya ujazo wa kopo ni thina, nusu hiyo itaruka hewani na utabaki na maikroni 100 tu. Banda la gari moja la mita 3 kwa 6 lina mita 18 za mraba, kwa hiyo unene wa maikroni 200 unataka lita 3.6 za epoksi isiyo na thina. Fundi akikuambia lita moja inatosha, ujue anachopaka ni rangi nyembamba. Iko pia epoksi nzito ya kumwaga inayojisawazisha yenyewe, yenye unene wa milimita 2 hadi 3. Hiyo ndiyo ningeichagua kwa gereji ya mafundi inayopokea magari kutwa.

Hata hivyo, sakafu nyingi hubanduka kwa sababu ya zege lililo chini, wakati epoksi yenyewe haina kosa. Kinga haiwezi kuwa imara kuliko kile ilichopakwa juu yake. Zege jipya lisubiri angalau siku 28. Zege la zamani lichunguzwe unyevu, hasa katika miji ya pwani kama Tanga, Mombasa na Unguja, ambako majumba mengi ya zamani yalimwagiwa jamvi (zege la sakafu) bila nailoni chini yake. Maji hupanda kutoka ardhini, hubeba chumvi, na yakikuta njia imezibwa na epoksi huisukuma juu mpaka itoke malengelenge. Kipimo chake ni rahisi: kata kipande cha nailoni cha kama nusu mita kwa nusu mita, kibandike sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote, ukiache usiku kucha. Ukikuta matone chini ya nailoni, au zege limegeuka jeusi, usipake. Ila nailoni ikiwa kavu, hilo pekee halitoshi kuithibitisha sakafu iliyowahi kutoa chumvi. Hapo tafuta fundi mwenye kipima unyevu.

Kisha mwaga matone ya maji juu ya zege. Yakizama, vinyweleo viko wazi. Yakisimama kama yalivyo, kuna oili, nta au niru iliyong'arishwa kupita kiasi, na epoksi haitashika hapo. Wengi humwaga asidi ili kulikwaruza zege, lakini asidi haitoi oili, na maji ya kuisuuza hulilowesha zege upya. Kuparua kwa grinda yenye jiwe la almasi na kuvuta vumbi kwa mashine ni bora zaidi, ingawa ndiyo sehemu ya kazi ambayo wateja hukataa kuilipia. Mahali palipokwaruzwa vibaya huonekana mapema pale magurudumu yanaposimama: tairi lililotoka safari ni la moto, hulainisha kinga, na likipoa hunywea na kuivuta juu.

Hali ya hewa nayo ina neno. Muda wa matumizi ulioandikwa kwenye kopo, yaani muda wa kupaka baada ya kuchanganya, huwa ni wa joto la nyuzi 20 au 25. Kila joto likipanda nyuzi 10, muda huo hupungua kama kwa nusu, na mchanganyiko ukiachwa kwenye ndoo hujipasha moto wenyewe na kuganda upesi zaidi. Changanya kidogo kidogo, umwage sakafuni mara moja, ndipo utandaze kwa rola. Paka mchana unapoanza kupoa, maana zege linalopata joto hutoa hewa na kuacha vishimo, ila umalize kabla umande haujaanza kutunga. Unyevu wa hewani ukikutana na hadina ambayo haijakomaa huleta utando mweupe unaoteleza, na tabaka la pili halishiki juu yake mpaka uoshwe na kupigwa msasa.

Kwa banda lililo wazi upande wa jua, epoksi peke yake hugeuka njano na kupauka. Hapo lipakwe juu yake tabaka la kinga nyingine ya plastiki, poliyurethini au poliaspatiki, inayostahimili jua. Poliaspatiki hukomaa kwa saa chache na gari linaweza kurudi mapema, lakini bei yake ni kubwa, na katika joto na unyevu wa pwani huganda upesi mno kwa fundi asiyeizoea.

Na kama nailoni ilitoa maji? Basi acha epoksi. Tumia dawa ya silikati inayozama ndani ya zege, ikaungana na chokaa iliyomo na kuliongezea ugumu. Haizuii doa la oili wala asidi, lakini inapunguza vumbi, inauacha unyevu upumue, na haina utando wa kubanduka.

Atakayepaka epoksi avae glavu na afungue milango yote. Resini na hadina zikigusa ngozi mara kwa mara huweza kuleta mzio wa maisha, na kuna mafundi walioacha kazi kwa sababu hiyo. Ikishapakwa, kwa kawaida unaweza kutembea juu yake baada ya siku moja. Gari lisubiri kama wiki, na jeki isitangulie gari.